PIKIPIKI NZIMA, MSAFIRI MZIMA

Siku hizi pikipiki imeingia karibu kila kijiji cha nchi yetu. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito kliniki. Ndiyo inayopeleka mahindi sokoni na kuleta mbolea shambani. Mwalimu anaitumia, bwana shamba anaitumia, na mganga wa zahanati anaitumia. Mwaka 2010 zilitolewa kanuni za leseni za pikipiki za kubeba abiria. Tangu hapo vijana wengi wamepata kazi ya bodaboda.

Faida hizo tunazijua. Lakini pikipiki hiyo hiyo imewaumiza ndugu zetu wengi. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu hukaa miezi mingi bila kufanya kazi. Shamba lake nani atalima? Watoto wake nani atawalisha? Mbuzi wanauzwa, akiba inakwisha, na mara nyingine mguu haurudi kama ulivyokuwa.

Ajali inapotokea, watu husema, "Ajali haina kinga." Leo katika ukurasa huu wa afya tutaupinga usemi huo. Ajali nyingi za pikipiki zina kinga. Kinga yake huanza nyumbani, kabla hujapiga kiki.

TUCHUKUE MFANO WA SAFARI MOJA

Tuseme unakaa karibu na mji wa Iringa. Unataka kwenda Dodoma kwa pikipiki kumwona ndugu yako. Safari hiyo ni ya kilometa 260 hivi, na barabara ni ya lami. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai huko kuna baridi kali. Ukitoka Iringa utateremka mlima wa Nyang'oro mpaka kwenye bwawa la Mtera. Mtera iko karibu mita 700 tu, na mchana huko ni joto. Kisha utapanda tena kwenda Dodoma.

Basi katika siku moja utapata baridi, mteremko mrefu, joto, upepo na vumbi. Njiani utakutana na malori, na ng'ombe wakivuka barabara. Mwili wako na pikipiki yako vyote vitachoka. Je, utajitayarishaje?

KWANZA: KAGUA PIKIPIKI SIKU MOJA KABLA

Usikague pikipiki asubuhi ya safari huku abiria anakusubiri. Ukikuta kasoro wakati huo utasema, "Nitaitengeneza nikirudi." Kagua jana yake, mchana, wakati fundi yupo na duka la vipuri liko wazi. Kazi hii haichukui hata nusu saa. Fuata mpango huu:

Matairi. Tazama tairi lote, mbele na nyuma. Kama limekuwa kipara, au lina ufa, au linaonyesha nyuzi, libadilishe. Tairi kipara huteleza kwenye matope na kwenye lami iliyolowa. Halafu pima upepo. Kulipiga tairi teke si kupima. Tumia kipimo cha fundi au cha kituo cha petroli, na pima tairi likiwa bado baridi. Upepo unaotakiwa umeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto upesi, hulegea kwenye kona, na linaweza kupasuka njiani.

Spoki. Kama gurudumu lako lina spoki, zigongegonge polepole kwa spana. Spoki iliyokaza hutoa mlio mkali. Iliyolegea hutoa mlio mzito. Spoki zikilegea, gurudumu hupinda.

Breki. Bana breki ya mbele huku ukisukuma pikipiki. Je, gurudumu limekamata? Fanya hivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Kama mkono wa breki unafika mpaka kwenye usukani, breki hiyo haifai. Kama unasikia chuma kikisaga chuma, viatu vya breki vimekwisha.

Mnyororo. Simamisha pikipiki na uzime injini. Sukuma mnyororo juu na chini kwa kidole, katikati ya meno ya mbele na ya nyuma. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mnyororo unatakiwa ucheze sentimita 2 hadi 3. Kitabu chako kitakuambia kipimo kamili. Ukilegea sana unaweza kuchomoka na kufunga gurudumu la nyuma ukiwa kwenye mwendo. Ukikazwa sana unakatika. Usafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ukauke, kisha upake oili. Angalia sana: usisafishe mnyororo injini ikiwa inaunguruma. Mafundi na vijana wengi wamepoteza vidole kwa namna hiyo.

Oili. Weka pikipiki wima mahali pa tambarare. Zima injini, ngoja dakika chache, kisha pima. Injini ndogo za pikipiki huchukua oili kidogo tu, karibu lita moja. Kwa hiyo ikipungua kidogo, hasara yake ni kubwa. Injini ikikosa oili inaweza kukwama ghafla, gurudumu likajifunga, nawe ukaanguka.

Taa, honi na vioo. Washa taa ya mbele, taa ya breki na indiketa. Mwombe mtoto asimame nyuma akuambie kama taa inawaka. Dereva wa lori hawezi kumkwepa mtu ambaye hamwoni. Vioo si pambo. Bila vioo itakubidi ugeuze shingo kila mara, na gurudumu la mbele litafuata shingo yako.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Viatu vya breki ni bei nafuu kuliko mguu.

PILI: PANGA MZIGO VIZURI

Pikipiki ndogo imetengenezwa kubeba watu wawili na mzigo kidogo. Usipakie abiria wawili juu ya gunia. Mzigo mzito uweke chini na karibu na mwili wa pikipiki. Ukiufunga juu sana au nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito. Hapo usukani huanza kutikisika, na breki ya mbele haishiki vizuri.

Funga mzigo kwa kamba za mpira zilizo imara. Baada ya kilometa chache simama, ukague kama umelegea. Kamba iliyoning'inia huingia kwenye gurudumu. Nguo nayo huingia. Akina mama, kabla ya kupanda, kusanyeni khanga na mikia ya shuka za watoto. Khanga ikinaswa na spoki au mnyororo, humvuta mtu chini kwa nguvu.

Katika mfuko mdogo weka spana ya plagi, plagi ya akiba, mpira wa ndani, vibandiko na gundi, pampu, kiungio cha mnyororo na tochi. Weka pia bandeji, kitambaa safi na maji ya kunywa.

TATU: VAA KWA AJILI YA KUANGUKA

Mtu anayepanda pikipiki havai kwa ajili ya kupendeza. Anavaa akijua kwamba anaweza kuanguka. Vaa koti zito, suruali ndefu, glavu, na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Kandambili hutoka mguuni mara moja, na lami huchuna nyama mpaka mfupani. Jambo la kwanza kabisa ni kofia ngumu.

Historia ya kofia ngumu inafundisha. Mwaka 1935 huko Uingereza, askari maarufu aitwaye T. E. Lawrence alianguka na pikipiki. Hakuwa amevaa kofia. Aliumia kichwa, akafa baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Daktari huyo hakuishia kusikitika. Alichunguza majeraha ya wapanda pikipiki waliovaa kofia na wasiovaa. Mwaka 1941 aliandika matokeo yake, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wake wa pikipiki wavae kofia. Hivyo ndivyo ajali ilivyoanza kupata kinga.

Mwaka 2008 watafiti walikusanya uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Maana yake ni hii: kama wapanda pikipiki 100 wangeumia kichwa bila kofia, karibu 69 kati yao wasingeumia kama wangevaa. Hatari ya kufa hupungua kwa asilimia 42 hivi.

Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimwokoi mtu. Kofia isiyofungwa nayo huruka kabla kichwa hakijafika chini. Funga mkanda wake chini ya kidevu. Kati ya mkanda na kidevu vipite vidole viwili tu. Kofia isicheze kichwani ukitikisa kichwa. Ikishapata pigo kubwa, usiitumie tena, hata kama kwa nje haionyeshi ufa. Sehemu yake ya ndani huwa imekwisha kazi.

Abiria wako pia ana kichwa. Mpe kofia. Wengine wanaogopa kuvaa kofia iliyovaliwa na watu wengi. Hofu hiyo ina sababu, lakini dawa yake ni rahisi: abiria avae kitambaa safi au kofia nyepesi kwa ndani, nawe usafishe kofia yako mara kwa mara.

NNE: TUNZA MWILI WAKO NJIANI

Tuanze na baridi ya Iringa. Watu wengi huamini kwamba upepo wa pikipiki huleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Lakini baridi ina hatari nyingine. Vidole hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kubana breki. Akili nayo hupungua kasi. Kwa hiyo vaa glavu, na nguo mbili au tatu chini ya koti. Ukianza kutetemeka, simama. Kunywa chai ya moto, tembea kidogo, kisha endelea.

Ukifika Mtera, joto litakupata. Upepo hukausha jasho, nawe hujui kwamba umepoteza maji. Dalili zake ni kichwa kuuma, mdomo kukauka, mkojo kuwa wa njano sana, na kuona kizunguzungu. Usingoje kiu. Kunywa maji kidogo kidogo kila unaposimama. Punguza nguo za ndani kama ni lazima, lakini usivue koti wala kofia.

Simama upumzike kila baada ya saa 2, hata kama hujisikii kuchoka. Shuka, nyosha mgongo, tembea. Usingizi wa barabarani ni mwizi. Macho yanaweza kufumba kwa sekunde moja tu bila wewe kujua. Sasa piga hesabu pamoja nasi. Ukienda kilometa 60 kwa saa, kila sekunde moja unapita mita 17 hivi. Ukienda kilometa 80, unapita mita 22. Fikiria umekwenda mita 22 ukiwa umelala, na mbele yako ng'ombe wanavuka!

Ukipiga miayo mara kwa mara, au usikumbuke kilometa chache ulizopita, tafuta kivuli ulale dakika 20. Usinywe pombe, hata kidogo, kabla ya safari wala njiani. Dawa nyingine za mafua na za kuwashwa mwili huleta usingizi. Muulize mganga kabla ya kusafiri. Linda macho yako kwa kioo cha kofia au miwani, maana mdudu mmoja akiingia jichoni anaweza kukuangusha. Usisafiri usiku kama unaweza kuepuka.

TANO: MTEREMKO NA BREKI

Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Nyang'oro, wako wapanda pikipiki wanaozima injini ili waokoe petroli. Hii ni hatari kubwa. Injini ikizimwa, kazi yote ya kuzuia pikipiki inaangukia breki. Breki hupata moto, kisha huacha kushika. Fanya hivi: kabla ya kuanza kuteremka, punguza mwendo na ingiza gia ndogo. Injini yenyewe itakuzuia. Breki uzitumie kidogo kidogo, uziache zipoe.

Wengi huogopa breki ya mbele. Wanasema inapindua. Ukweli ni kwamba unaposimama, uzito mwingi huenda mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Tumia breki zote mbili kwa pamoja. Bana polepole, kisha ongeza nguvu, pikipiki ikiwa imenyooka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye mchanga, matope au changarawe, bana kwa upole sana.

Mvua ikinyesha, dakika za kwanza ndizo zenye utelezi mwingi, kwa sababu oili na vumbi vya barabarani huchanganyika na maji. Na ukikuta mto umefurika juu ya daraja, usivuke. Subiri. Maji yanayokwenda kasi humwangusha mtu na pikipiki yake hata kama hayajafika kiunoni.

SITA: PETROLI NI SUMU NA NI MOTO

Wengi huvuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Acha tabia hiyo. Tone moja likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta ugonjwa mkubwa. Mtu akimeza petroli, usimtapishe, maana akitapika inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali upesi.

Usiweke petroli katika chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Usiiweke ndani ya nyumba karibu na jiko au kibatari. Zima injini unapojaza, na usivute sigara.

Bomba la moshi nalo huunguza. Mfundishe abiria kushuka upande wa kushoto, kama bomba liko kulia. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huingiza vijidudu kwenye kidonda.

SABA: AJALI IKITOKEA

Hata mtu mwangalifu anaweza kugongwa na mwingine. Kila mwanakijiji ajue mambo haya:

1. Zuia magari kwanza. Weka matawi barabarani, mbali kidogo, pande zote mbili. Piga simu polisi namba 112.

2. Usimwinue majeruhi ovyo, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke.

3. Kama anapumua vizuri, usimvue kofia. Waganga watamvua.

4. Damu ikitoka kwa wingi, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia.

5. Akitapika, mgeuzeni ubavu. Kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuke pamoja.

6. Usimpe chakula wala kinywaji. Huenda akahitaji kupasuliwa.

7. Usimbebe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Mlazeni juu ya ubao au mlango, na tafuteni gari.

Jambo la mwisho. Mtu anaweza kuanguka, akapoteza fahamu kidogo, kisha akainuka na kusema, "Sijambo." Msimwache aende kulala peke yake. Kama alizimia, au kichwa kinazidi kuuma, au anatapika, au anasinzia sana, au anasema maneno yasiyoeleweka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Damu inaweza kuwa inavuja ndani ya kichwa.

Ndugu msomaji, safari yetu ya Iringa hadi Dodoma imekwisha. Umeona kwamba hakuna jambo gumu katika haya yote. Tairi zuri, breki zinazoshika, mnyororo uliokazwa sawa, kofia iliyofungwa, maji ya kunywa na mapumziko. Hiyo ndiyo kinga ya ajali. Wasomee wenzako ambao bado hawajajua kusoma, hasa vijana wa kijiweni pale bodaboda zinapoegeshwa. Kesho mmoja wao ndiye atakayempeleka mke wako au mtoto wako hospitali.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini pikipiki ikaguliwe siku moja kabla ya safari?

2. Ukienda kilometa 60 kwa saa, unapita mita ngapi kwa sekunde moja?

3. Kwa nini si vizuri kuzima injini kwenye mteremko?

4. Mtu akimeza petroli utafanya nini?

5. Je, hapa kijijini kwenu mna ubao wa kumbebea majeruhi? Kama hamna, nani ataanza kuutengeneza?